Mtani Aliyepigwa Kaburini

Mahona alizikwa siku ya Jumatano, kiangazi, na mwanawe wa pekee alimpiga mtani kaburini. Ukitaka habari ya Elieza mpiga kinanda, aliyevuma kutoka Tabora mpaka Kigoma, anzia hapo. Wengine watakuanzishia kwenye pombe, wengine kwenye wanawake, wengine kwenye suti nyeupe. Mama yake, Kashindye, alikuwepo tangu mwanzo kabisa, na yeye alianzia kaburini.

Si kwamba hakumjua mtoto wake kabla ya siku hiyo. Alizaa wanne; watatu waliondoka wakiwa wachanga, akabaki Elieza, akalelewa kama yai bichi. Baba yake alikuwa kibarua wa genge la reli pale Usoke, mtu wa maneno machache na mgongo mpana. Kinanda Elieza alikijulia kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu. Miguu yake ilikuwa bado haifiki chini, kwa hiyo Kashindye alichuchumaa pembeni akazikandamiza pedali kwa viganja, na mtoto juu akazitafuta nyimbo. Mchungaji alisema mtoto huyu ana kipaji. Mwalimu alisema. Wanakwaya walisema. Hakuna aliyemwambia neno jingine lolote, na Kashindye baadaye alijilaumu kwa hilo, lakini kwa kiasi tu, maana kulikuwa na mahindi ya kupalilia.

Uhuru ulipokuwa bado unanukia upya, Elieza alipanda treni akaenda Tabora mjini. Mfanyabiashara mmoja, Kurban, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na bendi aliyoiita Isevya Jazz. Vyombo vilikuwa vyake, wanamuziki walikuwa wake, na ndiye aliyeagiza kinanda cha umeme, cha kwanza kuonekana pande zile. Walijaribiwa huyu na yule palepale dukani. Elieza alipokaa, Kurban aliacha kupima kitambaa cha mteja, mita ikabaki imening'inia mkononi.

Alikuwa hodari kweli. Hilo lisifichwe. Watu walitoka Nzega kwa malori kuja kumsikiliza.

Kisha yakaanza. Bendi ikaitwa Elieza na Isevya Jazz. Haikupita muda ikaitwa Elieza Jazz. Yeye akajiita Profesa. Akatengenezewa kiti cha mto mwekundu, kirefu kuliko kinanda chenyewe, na mwanamuziki mwingine akikaa hata juu ya sanduku la spika, anafukuzwa mazoezini. Justus, mwimbaji aliyeianzisha bendi ile kabla Elieza hajajua njia ya Tabora, alikuwa anaimba siku moja akagundua kipaza sauti chake kimezimwa ili kinanda kisikike vizuri. Akashuka jukwaani, akahamia bendi nyingine na wapiga gitaa wawili. Elieza alisema afadhali, gitaa lilikuwa linamchanganya. Mkewe, Amne, alivumilia wanawake wa nje mpaka alipomsikia mumewe akimwambia kila mmoja wao kwamba wimbo ule ule umetungwa kwa ajili yake. Akafunga mizigo akarudi kwao.

Na vidole. Alianza kuvaa glavu nyeupe. Hakumpa mtu mkono; alikupa kiwiko. Alikuja Usoke kusalimia, na mama yake alipomnyooshea mkono alipewa kiwiko vilevile.

"Vidole hivi ni mali ya Taifa, mayu," alisema, yaani mama.

Ilikuwa miaka ya Azimio, mabenki na mashamba makubwa yote yamekuwa mali ya Taifa, kwa hiyo watu waliokuwepo walicheka wakidhani ametania. Hakuwa ametania. Mahona aliutazama ule mkono uliovikwa, akaenda zake kulisha kuku.

Mahona alipougua, Kashindye alimpelekea mwanawe habari kwa karani wa treni. Jibu likarudi kwamba Profesa ana dansi Mwanza. Alipozidiwa, Kashindye alituma tena. Profesa alikuwa anarekodi. Alipokufa, Elieza alifika siku ya mazishi, jeneza liko tayari ukingoni mwa kaburi, akashuka kwenye gari la kukodi na suti nyeupe na glavu.

Hapo inabidi kusema habari ya utani, kwa asiye na watani. Zamani Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, kwa njia ambayo baadaye reli iliifuata. Mwisho wa njia ulikuwa kwa Wazaramo. Mnyamwezi aliyeugua huko aliuguzwa na Mzaramo, na akifa alizikwa naye. Mzaramo aliyepanda bara naye alizikwa na Mnyamwezi. Kutokana na hayo wakawa watani, maana mtu anayekuzika ana ruhusa ya kukucheka. Msibani mtani ndiye anayechimba kaburi, anayechochea kuni, anayemsingizia marehemu mambo. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Kumkasirikia mtani msibani ni kama kumwambia maiti ajizike. Na siku msiba unapokwisha, mtani huyohuyo ndiye anayezoa majivu ya moto wa msiba na kuyamwaga mbali. Mpaka hapo mjane analala kwenye mkeka, hanyoi nywele, wala hahami nyumba.

Mtani wa Mahona alikuwa Shaban, Mzaramo, fundi cherehani wa pale stesheni, mwenye kipara kinachong'aa. Kila asubuhi miaka nenda rudi Mahona alipita na nyundo yake begani.

"Mzaramo, suruali hiyo si ndiyo uliyokuwa unashona mwaka jana?"

"Nasubiri miguu yako irefuke, mbeba mizigo."

Ndiyo ilikuwa salamu yao. Hawakujua nyingine.

Kwa hiyo siku ile Shaban alifanya kazi yake. Aliingia kaburini akalala kulipima. "Fupi hili," alisema kutoka chini. "Lakini na yeye alikuwa mfupi, na nyundo tutamlaza nayo, maana bila nyundo hajui kulala." Watu wakacheka kidogo. Akapanda juu. Akatoa mfukoni soksi za marehemu, akazivaa mikononi. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya jeneza kama anayekaa kwenye kinanda, akarudisha kichwa nyuma, akafumba macho, akaanza kupiga juu ya mbao kwa vidole vya soksi.

"Nani kanipa mkono?" alisema kwa pua. "Nishikeni kiwiko. Baba yangu Mahona, ningekuzika mwenyewe, lakini udongo ni mchafu, na vidole hivi ni mali ya Taifa."

Watu walianguka kwa kicheko. Mchungaji aligeuka kando akajifanya anakohoa. Na Kashindye, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu mumewe alipokata roho, ambaye alikuwa amekauka kama ubao tangu asubuhi ile, alicheka. Alicheka mpaka machozi yakapata njia, yakatoka yote, na akawa analia na kucheka, na kwa mara ya kwanza akahisi kwamba Mahona amekufa na kwamba yeye ataishi.

Elieza alikuwa amewatazama wote. Kisha akamtazama mama yake. Akapiga hatua, akampiga Shaban ngumi ya mdomo.

Shaban alianguka juu ya jeneza. Alipoinuka alikuwa na damu kwenye meno. Akavua soksi moja, akavua ya pili, akaziweka juu ya kifuniko polepole.

"Basi, Wanyamwezi," alisema. "Zikeni wenyewe."

Akaondoka, na Wazaramo wenzake wa reli wakaweka majembe chini wakamfuata.

Wazee walimzunguka Elieza. Hawakumkaripia, walitaka kumwokoa. "Mkimbilie," walimwambia. "Mtanie na wewe. Mwambie ana kichwa kama boga. Mwambie Mzaramo akiona jembe anaumwa tumbo. Akicheka yamekwisha, atarudi."

"Mimi?" alisema Elieza. "Mimi nikamchekeshe fundi cherehani?"

Akaingia kwenye gari. Mahona akafukiwa na wazee wenye pumu na wanawake wenye kanga kiunoni, na mjane wake akashika sepetu kama wengine.

Mwaka ukapita, moto wa msiba ukiwa majivu uani na hakuna wa kuyazoa. Kashindye aliyazungushia mawe ili kuku wasiyachimbe. Alilala kwenye mkeka. Nywele zilimwota zikawa kichaka, akazificha kwa kitambaa. Alilima tumbaku yake, akaikausha kwenye bani, akaifunga, akaipeleka kwenye chama cha ushirika, kazi yote kama kawaida. Lakini sokoni watu walimsalimia kwa sauti ya chini kama wanavyomsalimia mfiwa wa jana. Mtu anachoka kuwa mfiwa wa jana.

Ndipo ikaja Operesheni. Mjumbe wa nyumba kumi, Ngollo, alipita nyumba hadi nyumba na kofia mkononi. Kabla ya mvua kila mtu atahamia kijiji cha ujamaa karibu na stesheni. Nyumba za huku mashambani zitabomolewa.

"Utakuwa karibu na shule, mama Elieza, na zahanati, na bomba."

"Mimi sina ugomvi na bomba," alisema Kashindye. "Maji nayafuata mbali, mgongo unauma. Lakini nitahamaje, Ngollo? Unayaona haya."

Ngollo aliyaona. Alikuwa Mnyamwezi kama yeye. Akaizungusha kofia yake.

"Operesheni haina habari na majivu, mama. Mimi ninayo. Lakini mimi siyo Operesheni."

Kashindye alikwenda stesheni kwa Shaban. Hakukaa, mfiwa hakai kibarazani kwa watu. Shaban alisimamisha cherehani. Jino moja la mbele halikuwepo tena.

"Sina kinyongo naye," alisema. "Wala sitaki aniombe radhi. Radhi ni mambo ya baraza. Aje uani kwako, mbele ya watu, nimtanie, na yeye anitanie. Neno moja tu. Nizoe majivu, ulale kitandani."

"Na asipokuja?"

Shaban alitazama sindano yake. "Kama marehemu hakuacha mtoto wa kiume, mjane hutamka hivyo mbele ya watu, na mtani anazoa peke yake. Lakini Mahona anaye."

"Anaye," alisema Kashindye.

Jumapili akapanda treni kwenda Tabora.

Alikuta habari zimemtangulia. Treni ile iliyolibeba jina la Elieza ndiyo iliyobeba habari ya soksi. Wasafiri walisimulia, makuli wa stesheni wakapokea, ikafika Urambo, ikafika Tabora, na Tabora mjini Wazaramo ni wengi. Kurban alikuwa mlangoni pa ukumbi, dansi la mchana linaanza. Alipojua ni nani, alimsogezea kiti chake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naona watu ni wengi."

"Ni wengi, ndiyo," alisema Kurban bila furaha. "Zamani walikuja kumsikiliza. Sasa wanakuja kumkasirisha. Utaona." Akashusha sauti. "Nimemwambia, Profesa, Jumapili moja tu panda jukwaani umevaa soksi wewe mwenyewe. Watu watacheka mpaka wachoke, na wiki ijayo mchezo umekwisha. Biashara ya siku moja. Aliniambia nitoke chumbani. Chumba ni changu, mama, lakini nilitoka."

Kashindye alikaa ukutani. Jukwaani walibaki mpiga besi na mpiga ngoma, na katikati kile kiti kirefu. Elieza alipanda. Alikuwa amekonda, suti ilimning'inia, na hata kutoka mbali mama aliona kwamba ametoka kunywa. Akavua glavu, akaanza.

Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma mama yake. Kama angekuwa anapiga vibaya, mambo yangekuwa mepesi. Lakini vidole vile vilikwenda vyenyewe, sauti zikamiminika kama maji ya bomba la kwanza kijijini, na kwa dakika chache watu walicheza kweli, wameshikana, wamesahau walichokuja kufanya. Kashindye akasema moyoni, acha hapo, mwanangu, acha wakati bado wanacheza. Elieza hakuacha. Alipandisha, akarudia, akarefusha, akafumba macho na kurudisha kichwa nyuma kama alivyokuwa akifanya Shaban. Wachezaji wakaanza kusimama. Na mbele kabisa mkono mmoja ukainuka, umevaa soksi.

Ukainuka wa pili. Kisha ukumbi mzima, soksi za kijani, za shule, za mpira, zikipepea juu ya vichwa.

Elieza akafumbua macho. Muziki ukakatika.

"Mnajua mimi ni nani?"

"Mali ya Taifa," waliitikia wote kwa pamoja, kama darasa.

Alitazama huku na huku, akamwona mama yake ukutani na kitambaa chake cha mfiwa. Kashindye alikuwa amesimama. Hakujua amesimama lini. Alimfanyia ishara kwa mkono, mkono wa kushusha, ule anaomfanyia mama mtoto aliyepanda juu ya mti: taratibu, shuka. Labda hakuelewa. Labda alielewa. Alikiinua kile kiti cha mto mwekundu, akakishusha juu ya kinanda. Akakiinua tena. Vibao vya kinanda viliruka vikasambaa jukwaani kama meno.

Kurban alipanda polepole, akachomoa waya ukutani. "Basi," alisema. Hakupaza sauti. Watu wakatoka nje wakivua soksi zao na kuzitia mifukoni, hawacheki tena, kama waliotoka kuangalia ajali.

Jioni ile, jua bado lipo, Kashindye alikaa kwenye chumba cha mwanawe huko mtaa wa Isevya. Palikuwa na kitanda, picha zake kubwa ukutani, na chupa. Elieza alikaa chini, mikono imelala mapajani, wazi.

"Ulicheka, mayu," alisema.

"Nilicheka."

"Mbele ya watu wote. Nilikuwa naweza kuwavumilia wao. Nikakutazama wewe, nawe unacheka."

"Nilikuwa nimefiwa, Elieza. Hata siku hiyo ulitaka nikutazame wewe?"

Kashindye hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Akamweleza habari ya Operesheni, ya majivu, ya mkeka, ya Shaban na jino lake.

"Sikuombi urudi kulima. Sikuombi uache pombe, ingawa ungeiacha ingekuwa vizuri. Nakuomba neno moja la kijinga. Mwambie Shaban ana kichwa kama boga, nikalale kitandani."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Elieza alitikisa kichwa kukubali. "Nitakuja Jumamosi," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akamshika mama yake mkono. Kiganja cha mwanawe kilikuwa laini kuliko chake. Kashindye alirudi Usoke akiwa amekishika kile kiganja mawazoni njia nzima.

Jumamosi ua wa Kashindye ulijaa. Nyumba za jirani zilikuwa tayari hazina paa. Vijana wa Operesheni walipumzika kwenye kivuli cha lori, wakingoja. Wanawake walipika, kwa furaha kabisa, kama harusi. Elieza alishuka kwenye treni, akaja kwa miguu. Hakuwa na glavu. Suti ilikuwa imefuliwa vibaya, na watu walipomwona walimhurumia, wakampisha, wengine wakamgusa bega. Hakuna aliyemtakia mabaya siku ile. Wote walikuwa wamekuja kumsikia akisema neno moja la kijinga.

Shaban alisimama kando ya majivu na koleo.

"Nani huyu?" alianza, lakini kwa upole, kama mtu anayempigia mtoto mpira wa taratibu ili auweze. "Genge la reli limeleta kibarua mpya? Mikono yenyewe hii? Huyu taruma la reli atalisukuma kwa ulimi."

Watu wakacheka na kumgeukia Elieza. Zamu yake.

Elieza alisimama. Ngollo alinong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Boga. Mwambie boga." Shaban mwenyewe akavua kofia, akakiinamisha kipara chake mbele ya kijana, akakipapasa. "Hapa, kijana. Wote huanzia hapa. Baba yako alikuwa anasema treni zinaongozwa na mng'aro wake."

Kashindye aliona midomo ya mwanawe ikicheza. Aliona kitu kikija, karibu kabisa, kama mtu anayetaka kupiga chafya.

"Mimi," alisema Elieza, "nimepiga mbele ya mawaziri."

Watu walitabasamu. Walidhani kichekesho kiko njiani.

"Santuri yangu inapigwa Nairobi. Inapigwa Lubumbashi. Kabla yangu nani alilijua jina la Usoke? Nyinyi mngejulikana kwa nini, kwa tumbaku?"

Bado walingoja. Shaban alikuwa ameinamisha kichwa vilevile, nusu tabasamu, anasubiri mwisho wa maneno uje umchekeshe. Haukuja. Polepole akainua kichwa.

"Nitakuomba radhi, mzee," alisema Elieza, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nitakuomba kwa magoti. Lakini watu hawa waondoke kwanza. Siwezi wakinitazama hivi."

"Utani haufanywi chumbani, mwanangu," alisema Shaban.

Alimwita mwanangu. Hakumwita kibarua wala mali ya Taifa. Kashindye alilisikia neno hilo, akaliogopa, maana mtani anayesema nawe kwa upole amekwisha kukukatia tamaa. Hapo ndipo alipojua kwamba hakuna neno litakalotoka, leo wala mwaka ujao. Kwamba mtoto wake angeweza kuvunja kinanda, kupoteza mke, kulala njaa, na kupiga magoti pia, lakini kuchekwa hawezi.

Mmoja wa vijana wa lori alikuja na mtaimbo begani, akamnong'oneza Ngollo. Ngollo alitazama chini.

"Mama Elieza," alisema, "ni leo."

Kashindye alisimama mbele ya majivu. Alizitazama nyumba zisizo na paa, na mkeka wake uliokunjwa mlangoni, na mzigo wake wa vyombo uliofungwa tayari. Akafikiri kwamba maisha yaliyobaki si mengi, lakini ni yake.

"Shaban, zoa."

"Nitazoaje, mama, na mwenyewe amesimama hapa?"

"Zoa," alisema Kashindye. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeagiza chumvi, kwa sababu sauti nyingine ingevunjika. "Mahona hakuacha mtoto wa kiume."

Hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisonga ugali aliachia mwiko chunguni. Kisha Shaban akapiga koleo chini, na likaingia.

"Mayu," aliita Elieza.

Kashindye hakugeuka. Mama akiitwa huitika. Huitika usingizini, huitika akiwa na mzigo kichwani, huitika kabla hajajua ameitwa kwa nini. Lakini alijua sheria. Akiitika, aliyeita ni mtoto wake, na alichotamka ni uongo, na majivu yanarudi mahali pake. Akavuta ncha ya kanga akaiuma.

"Mayu."

Shaban alizoa bila neno la mzaha, na watu walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona Mzaramo akizoa majivu kimya. Alizoa mpaka koleo likakwaruza udongo mwekundu, akatia yote kwenye karai, akajitwika, akaanza kwenda nalo upande wa reli.

Elieza aliita tena, safari hii polepole, kama mtu anayeuliza. Kashindye alikuwa amekwisha kuinama juu ya mzigo wake, anaufungua na kuufunga upya kwa kamba ile ile iliyokuwa imefungwa vizuri tangu asubuhi, na kila alipokaza fundo alilifungua tena, mpaka Ngollo alipokuja kumwambia, mama, twende, hayupo tena.